Tundu la Akiba

Kibati kilikataa kung'oka. Binti alikibana kwa ncha ya koleo, akakipinda mbele, akakirudisha nyuma, akakipinda tena, hadi kikatoa mlio mdogo kama wa ukucha unaokatwa na kumwangukia babake mapajani. Nyuma ya kompyuta ile ya mezani, ndogo isiyozidi unene wa kamusi, palibaki uwazi wa mraba.

"Hiki ndicho kisichorudi tena, baba," alisema, akipuliza vumbi. "Mengine yote yanarudishika."

Baba alikiokota kibati na kukitia katika mfuko wa shati. Hakuwa mtu wa kutupa vitu. Katika shule ya bweni alikokulia alikuwa kiranja mkuu, na mkewe hakuacha kumwita Kiranja, mara kwa mahaba, mara kwa kumchoma. Kazini alikuwa mkaguzi wa mizani hadi alipostaafu, na hakuna mwenye duka aliyewahi kumlainisha hata kwa kiti cha kukalia. Uongo aliuhesabu kuwa ugonjwa wa nyumba za watu wengine.

Siku hiyo walikuwa wameketi mezani tangu mchana, vichwa vyao vikikaribia kugusana juu ya kompyuta iliyofunguliwa. Binti, kitinda mimba wake, ndiye aliyesomea mambo ya mitandao. Baba alishika tochi tu. Alionyeshwa kadi ya wifi, nyembamba kama kipande cha biskuti, na kuelezwa kwamba ndani ya kompyuta ndogo namna hii nafasi ni ya kubana, kwa hiyo kadi hiyo ingetoka ili mahali pake ikae kadi mpya, ile yenye tundu la pili la waya wa mtandao.

"Na hili la pili ni la nini, baba?" binti aliuliza, macho yakiwa kwenye skrubu.

"La akiba," alijibu. "La kwanza likiharibika."

"Haya matundu hayaharibiki ovyo."

"Ndiyo maana ya akiba, mama. Huwekwa kabla ya kuharibika."

Binti alicheka, naye akacheka. Ilikuwa ajabu jinsi neno lile lilivyomtoka bila kumkwaruza koo.

Ukweli ni kwamba fundi wa duka la kompyuta alikwisha kumweleza kila kitu. Waya unaotoka nje ungeingia tundu la kwanza. Mwingine ungetoka tundu la pili kwenda kwenye kisanduku kinachosambaza mtandao nyumbani. Na kompyuta ingekaa katikati, ikimtii yeye peke yake. Mtandao ungefungwa kila siku baada ya chakula cha jioni, kama taa za bweni. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya usingizi wa binti na macho yake. Hakujiambia habari ya kile kicheko alichokisikia kila jioni nyuma ya mlango uliofungwa, kicheko kirefu chenye raha, ambacho yeye hakuwahi kukipata mezani. Alisimama ukumbini akitega sikio kama mgeni aliyekosea nyumba. Asiyejua anachekwa na nani hukasirika haraka. Naye hata hakuwa anachekwa. Alikuwa hayumo tu.

Mkewe alipita na birika la chai, akasimama, mkono kiunoni.

"Makubwa haya! Kiranja anafundishwa, na kanyamaza!"

"Mama, usimvuruge mwanafunzi wangu," binti alisema. "Leo ana adabu."

"Mwangalie vizuri. Huyu akinyamaza sana ana jambo."

Wote watatu walicheka. Tangu binti amalize chuo na kurudi nyumbani kungoja kazi, hawakuwa wamecheka hivyo pamoja. Kwa kitambo kidogo baba alitaka kusema yote. Maneno yalifika kwenye meno, akayarudisha na funda la chai.

Binti alizichukua nyaya mbili nyembamba zilizoachwa na kadi ya zamani, akazikunja taratibu na kuzifunga utepe mweusi. Kadi yenyewe aliitia katika kikopo cha vidonge kilichokwisha, akakifunga kifuniko.

"Kiweke mahali utakapokiona. Ukibadili nia, kadi inarudi pale pale ilipotoka."

"Nibadili nia ya nini?"

"Sijui, baba," alisema, na safari hii alimtazama usoni. "Wewe ndiye unayelijua hilo tundu."

"Si nimesema ni la akiba?"

"Umesema." Akachukua bisibisi, akafunga skrubu moja baada ya nyingine.

Kesho yake, binti alipotoka, mzee alipitisha nyaya, akafuata maelekezo ya fundi kwa makini yake ya siku zote, na taa mbili za kijani zikawaka nyuma ya kompyuta. Hakutangaza lolote. Hata shuleni kengele ilipigwa kwanza ndipo taa zikazimwa. Lakini hilo alilikumbuka baadaye.

Jioni, vyombo vikiwa bado mezani, mlango wa binti ulifunguka. Hakuubamiza. Alikuja akasimama mbele ya babake, amevaa koti lake zuri na malapa.

"Umefunga, baba?"

"Nyumba ina utaratibu wake."

"Nilikuwa kwenye usaili. Wameniuliza swali, nimefika katikati ya jibu, nyuso zao zikaganda."

"Usaili gani wa jioni? Hukuniambia."

"Kwao ni asubuhi. Nilitaka nikuletee jibu, nisikuletee wasiwasi."

Alitafuta la kusema, akapata la kiranja: "Mambo yanayofichwa ndiyo yanayoharibika."

Binti aliitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. Sauti yake haikupanda.

"Nilijua, baba. Kompyuta ndogo kama hii haitiwi tundu la pili kwa akiba. Ndicho nilichosomea."

"Ulijua, na ukanisaidia?"

"Nilikuuliza. Nikakupa nafasi nyingine. Nilidhani wewe, kati ya watu wote, ukiulizwa utasema."

Palikuwa na neno dogo ambalo lingetosha. Mzee alilihisi likimlemea ulimini, kubwa na geni. Kilichotoka ni, "Nenda kalale."

Wale watu walimpigia tena, akawajibu kutoka nyumbani kwa rafiki yake, nao wakamchukua. Kazi ilikuwa katika mji mwingine. Aliondoka bila ugomvi. Alimbusu mamake, akamwamkia babake kwa heshima zote, na heshima ile ndiyo iliyomkata maini.

Sasa mzee alikuwa ameondoa kufuli zote. Mtandao ulikuwa wazi usiku na mchana, na hapakuwa na wa kuutumia. Mkewe aliapa kwamba simu yake haitapita katika lango la mtu. "Mimi nina bando langu," alisema. "Lilinde mwenyewe."

Alasiri moja aliketi tena kwenye meza ile ile na kuifungua kompyuta. Alitaka kurudisha kila kitu. Nyaya nyembamba zilikuwa pale zilipoachwa, zimekunjwa kwa unadhifu, zimefungwa utepe na mtu aliyetarajia zifunguliwe. Alikitikisa kikopo cha vidonge. Kadi ikagonga ndani. Akakitoa kile kibati, akakijaribisha kwenye uwazi wa mraba. Kilienea sawasawa. Alipokiachia, kilianguka.

Mkewe alikuwa mlangoni.

"Hicho chuma hakina masikio, Kiranja. Mpigie mwenye masikio."

Simu iliita mara chache tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo huko?"

"Sijambo. Kompyuta inakusumbua?"

Jibu lilikuwa tayari, laini, limenyooka: ndiyo, inasumbua. Lingewapa mazungumzo ya nusu saa, yeye akiuliza, binti akielekeza, na hakuna ambaye angeumia. Aliviringisha kibati kati ya vidole mpaka pembe yake ikamchoma.

"Haisumbui," alisema. "Inafanya kazi vizuri."

"Sawa, baba."

"Lile tundu la pili," alianza.

Upande wa pili binti hakumkatiza, wala hakumsaidia. Mzee alisikia kiti kikivutwa, kisha akamsikia mwanawe akiketi.