Maji Yaliyomkwepa Mwalimu Annet

Jumatano moja, saa moja kasoro asubuhi, Mwalimu Annet Rutashobya alijaza jagi la plastiki maji ya kuchemsha hadi kwenye alama ya mililita mia tano, akaliweka katikati ya meza ya chakula nyumbani kwake Butimba. Hayo ndiyo yalikuwa maji yake ya siku nzima. Mumewe, Osward, akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari wake mwenyewe usawa wa maji, akaandika na tarehe.

"Unanichunga," Annet alisema.

"Nachunga jagi," Osward akajibu.

Figo za Annet zilikuwa zimeacha kazi mwaka uliotangulia. Kila Jumatatu na Alhamisi alilala kwa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu katika kituo kimoja mjini Mwanza, na kila mara kabla ya kulala alipanda mizani. Sasa ilikuwa wiki ya tatu mizani inaonyesha kilo nne zaidi ya zile alizoondoka nazo. Muuguzi, Sista Rebeka, alikuwa mpole, lakini swali lake lilikuwa lilelile: "Mwalimu, umekunywa nini?" Annet alijibu nusu lita kwa siku. Rebeka aliandika nusu lita, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Hapo ndipo shaka ilipoingia nyumbani. Osward aliamini mkewe anakunywa kwa siri bafuni, na bomba likisikika alinyamaza kusikiliza. Annet naye aliamini Osward anamwongezea maji kwenye jagi, kwa sababu ambazo hakutaka kuzifikiria hadi mwisho. Walikula pamoja, wakasali pamoja, na kila mmoja alitazama mikono ya mwenzake.

Asubuhi hiyo jirani yao, Modesta, alikuja kumjulia hali mgonjwa na glasi ya juisi ya pasheni. Aliiweka mbele ya Annet. Glasi ikasogea shubiri moja kuelekea kwa Osward, bila kumwaga hata tone. Modesta akairudisha. Ikasogea tena.

"Haikutaki," Modesta alisema.

"Naona," alisema Annet.

"Basi baba anywe." Osward akainywa, kwa kuwa ilikuwa imeshafika mbele yake.

Annet alikuwa mwalimu wa hisabati kwa miaka ishirini na sita na hakupenda jambo lisilopimwa. Mchana ule walipanga vinywaji mezani kimoja baada ya kingine. Juisi ya machungwa ilisogea shubiri mbili. Ya parachichi na maziwa ilikwenda haraka zaidi. Maji ya dafu yalifika ukingoni, Osward akayadaka. Mtindi ulisogea polepole, soda nyeusi ikatembea kama mtu anayejua aendako, na soda nyeupe ikatulia. Chai ya rangi ilitulia pia, mradi iwe kikombe kidogo. Juisi ya nanasi nusu glasi ilibaki mahali pake, lakini glasi ilipojazwa ikaondoka. Glasi ya rubisi, pombe ya ndizi aliyoletewa Osward kutoka Bukoba, ilizunguka kopo la sukari, ikashuka sakafuni na kuvunjika. Annet aliandika yote kwenye daftari kwa safu mbili.

Saa nane Osward alileta chakula cha mchana, ugali na supu ya sato. Bakuli la supu likasogea. Wakaleta uji wa asubuhi uliobaki. Nao ukasogea.

Walitazamana. Katika nusu lita ile hawakuwahi kuhesabu supu wala uji. Osward alichukua kitambaa na kuufuta mstari wake kwenye jagi, akafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Samahani, mama," alisema. Annet akasema na yeye anaomba samahani, bila kueleza ya nini.

Jumatatu iliyofuata mizani ilionyesha kilo moja na nusu tu. Rebeka aliifuta alama ya kuuliza. Aliomba nakala ya orodha, akailinganisha na ile ya mtaalamu wa lishe ya vinywaji hatari kwa figo, akaibandika ukutani chini yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mzee Nkwabi, aliyekuwa akivuka ziwa kutoka Nansio mara mbili kwa wiki, aliisoma yote na kuuliza kama glasi inasogea upande wowote au upande mmoja tu.

"Inanikimbia mimi, babu. Upande wowote."

"Kwetu Ukerewe mjomba wangu alikimbiwa na kiti miaka miwili," alisema Mzee Nkwabi. "Alikuwa na jipu, hajui." Kisha akameza vidonge vyake kwa maji ya chupa.

Maji hayo yaliitwa Tulizo. Chupa ilikuwa na kizibo cha bluu na picha ya mlima wenye theluji. Yaliuzwa mlangoni mwa kituo, shuleni, na kwenye harusi karibu zote za upande ule wa mji, na mwenye nayo alikuwa Venant, mdogo wake Annet. Shule binafsi aliyofundisha Annet ilikuwa imefungwa, bima yake ikaisha, na tangu hapo Venant ndiye aliyelipia mashine. Hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Mbele za watu hakuwahi kulitaja.

Jumapili alikuja na katoni, kama alivyofanya kila Jumapili. Kwa kawaida Osward aliigawa kwa majirani, maana Annet alizoea maji yake ya kuchemsha. Siku hiyo jiko lilikuwa limeishiwa gesi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nifungulie moja, sijanywa kitu tangu jana."

Venant alifungua, akaiweka mezani. Chupa ikamkimbia Annet ikavuka meza yote. Venant aliidaka ikiwa nusu hewani.

"Meza yenu imeinama," alisema.

Annet aliweka kalamu ya duara juu ya meza. Haikubingirika. Aliweka mbele yake jagi, lililobaki na matone tu ya maji ya kuchemsha. Yakatulia. Akaiweka tena chupa ya Tulizo, na safari hii ikamkimbia kabla hajaiachia vizuri.

"Labda ni kiasi," Venant alisema. "Orodha yako si inasema hata kinachofaa kikizidi kinasogea?"

"Nimekwambia sijanywa kitu."

Venant aliangalia saa, akasema ana watu wanamsubiri. Osward alikuwa amemtengea chai ya rangi kutoka kwa Modesta, akainywa yote akiwa amesimama. Hapo ndipo Annet alipogundua kwamba, tangu mdogo wake aanze biashara ile, hajawahi kumwona akinywa Tulizo.

Jumanne alikwenda Igogo bila kutoa taarifa. Karakana ya Venant ya kujazia maji ilikuwa nyuma ya maduka ya dagaa, mita chache kutoka ziwani. Wanawake watatu walikaa kwenye viti vifupi wakifunga vizibo vya bluu. Bomba la mpira lilitoka ziwani, likapita kando ya mtaro wa maji machafu, likaingia kwenye tenki kupitia kipande cha khanga kilichofungwa mdomoni. Mashine ya kuchujia ilikuwepo, kubwa na mpya, bado imefungwa nailoni yake, na juu yake mtu ameanika soksi.

Annet alipoingia, chupa zilizopangwa ukutani zilisogea nyuma, safu kwa safu, hadi zikabanana kwenye kona. Mmoja wa wale wanawake, Dorcas, aliinuka kuzipanga upya.

"Mwalimu, ukisimama pale mlangoni itatusaidia," alisema. "Hapa zinaanguka."

Annet akasimama mlangoni. Venant alitoka ndani akijifuta mikono, akamwona dada yake, akaona jicho lake lilikoelekea. Alimletea kigoda, akakifuta kwa kiganja.

"Chujio linakula umeme, dada," alisema. "Niliwasha miezi minne. Miezi yote minne sikubaki na kitu."

"Watu wanaugua."

"Nani kaugua?"

"Yuko mzee pale kituoni, anatoka Nansio. Tumbo linamwendesha tangu Pasaka. Anamezea dawa maji yako."

"Mgonjwa wa figo ana mambo mengi." Venant alichutama mbele yake, kama alivyokuwa akichutama utotoni akitaka kufungwa kamba za viatu. Sauti yake haikuwa na hasira. "Lakini wewe ndiye mkubwa. Ukisema niwashe, nawasha leo hii. Ila niambie na Alhamisi utakwenda na nini."

Annet aliangalia maji ya ziwa yakipanda na kushuka kwenye mawe. Alijua hesabu yake: daktari alimwambia mtu wa hali yake akikosa mashine hamalizi wiki mbili. Alijua pia kwamba kuna hesabu ya pili, ya watu asiowajua majina, na kwamba hiyo hakuna aliyempa jibu lake. Aliokota kizibo kimoja cha bluu miguuni pake, akakizungusha kiganjani.

Venant alisubiri kwa adabu. Alisubiri muda wa kutosha mtu kusema neno moja mara nyingi. Kisha akasema, "Haya, dada," akarudi ndani kwenye vizibo.

Alhamisi Annet alipofika kituoni malipo yalikuwa yameshafanyika. Mzee Nkwabi alikuwa anafungua Tulizo. Annet akamnyooshea kikombe chake mwenyewe.

"Babu, kunywa haya."

"Na wewe?"

"Nimeshakunywa."

Mzee alikunywa, akamwombea baraka, akaitia mfukoni ile chupa, iwe ya kunywa njiani. Annet aliiona ikiingia mfukoni. Jumatatu kitanda kile kilikuwa na mgonjwa mwingine. Rebeka alisema mzee amelazwa, tumbo limemmaliza nguvu, na wanawe wameitwa kutoka Nansio.

"Wanauliza alikula nini," Rebeka alisema. Alikuwa ameshika kalamu na alimtazama Annet kwa makini zaidi kidogo kuliko siku zote. "Unajua chochote, mwalimu?"

"Hapana," alisema Annet. "Nimeongezeka ngapi?"

Mwisho wa mwezi Tereza, binti wa Venant, alipata kipaimara. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi mmoja ufukweni, mchana, na joto lilikuwa kali. Venant alimkalisha dada yake meza kuu, kulia kwa mtoto, na kuwaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyemfundisha kusoma. Wakapiga makofi. Mbele ya kila mgeni palikuwa na chupa ya Tulizo. Mbele ya Venant palikuwa na soda.

Chupa iliyowekwa mbele ya Annet iliondoka mara moja. Ilifika kwa padri, aliyeshukuru na kuifungua. Mhudumu akaleta nyingine, nayo ikaenda upande wa pili, kwa bibi mmoja aliyesema wahudumu wa siku hizi ni wepesi. Annet alirudisha kiti nyuma kidogo. Haikusaidia. Wahudumu waliendelea kuleta, chupa ziliendelea kwenda, na wageni waliendelea kuzipokea.

Ya tano ilisimama katikati, kati yake na Tereza. Mtoto alikuwa na gauni jeupe la mikono mirefu na jasho puani. Annet alinyoosha mkono haraka kuichukua. Kadiri mkono ulivyosogea ndivyo chupa ilivyosogea upande wa mtoto, na alipotaka kuikamata kabisa ikateleza hadi ikagusa vidole vya Tereza.

Annet alimtazama Venant. Venant alikuwa ameona. Aligeuza uso akamwambia mshereheshaji aongeze muziki.

Tereza alifungua kizibo, akanywa nusu ya chupa bila kupumzika, akajifuta midomo.

"Asante, shangazi," alisema.

"Karibu, mwanangu," alisema Annet.