Sindano za Alhamisi

Kila mkimbiaji aliyeletwa na maumivu ya goti upande wa nje aliambiwa maneno yaleyale kabla hajavaa viatu: "Siku saba hukimbii. Ukikimbia, usirudi hapa kunililia." Mama hakuwa na masihara na hilo. Chumba chake cha tiba ya sindano kilikuwa na kitanda kimoja, kabati la vioo na mlango wa kusukuma kwa bega, na wanaume wazima walitoka mle wamenywea.

Alhamisi hiyo aliyepanda kitandani alikuwa bintiye mwenyewe. Wenzake walimwita Kiberiti, kwa jinsi alivyowaka mapema kwenye mbio.

"Linauma wapi?"

"Hapa pembeni, Mama. Nikishuka ngazi ni kama kisu. Na mchujo wa timu ni keshokutwa."

"Limeanza lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu umekaa kimya?"

"Ningesema ungenifunga kamba."

Mama alimbonyeza kuanzia nyongani, akashuka na paja. Pembeni palikuwa pamekaza kama waya wa kuanikia nguo. Alijua palipoharibika: nyonga ilikuwa imechoka, goti likabeba mzigo usio wake. Nyonga ilihitaji mapumziko na mazoezi ya wiki kadhaa. Wiki hizo hazikuwepo. Akachukua sindano nane, nyembamba kama unywele, akazichoma kuzunguka goti, akamwacha dakika ishirini.

Zilipotoka, Kiberiti alichuchumaa, akainuka, akashuka ngazi za nje mbio na kupanda tena.

"Haliumi! Mama, wewe mchawi!"

"Mchawi ni shangazi yako."

"Na zile siku saba zako?"

Hapo ndipo Mama alipotakiwa kusema kweli. Badala yake kichwa kilimvimba. Alikwisha kuiona picha ya timu ukutani, na wateja wakiuliza ni nani aliyemtibu yule binti.

"Hizo ni za wateja," akasema. "Nenda ukakimbie, mwanangu."

Jumamosi Kiberiti aliongoza mizunguko kumi na minane ya mbio za mita elfu kumi. Hakuchechemea hata kidogo. Kocha alimgeukia Mama jukwaani akamwonyesha dole gumba. Mzunguko wa kumi na tisa mguu ukagoma kukunjika. Alitolewa uwanjani kwa kubebwa, na timu ikasafiri bila yeye.

Miezi miwili baadaye bado alishuka ngazi kiubavu, hatua moja moja. Mama alimfuata jikoni, akashika sufuria iliyokwisha takata akaanza kuisugua.

"Ningekukataza, ungenisikia?"

"Nisingekusikia. Ningekimbia tu." Kiberiti aliegemea mlango. "Lakini goti lingeniuma mzunguko wa tano, ningetoka. Wewe ulilinyamazisha, Mama. Nilikuwa naumia na sijui."

Mama aliweka sufuria chini.

"Basi njoo nikutibu vizuri, tuanze na nyonga."

"Hapana. Si wewe."

Hakukuwa na hasira katika sauti ile. Ingekuwepo, Mama angebishana nayo.

Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alipiga moyo konde akampigia simu mtaalamu wa mtaa wa pili, bwana ambaye kwa miaka kumi Mama alimwita Cherehani mbele ya wateja, kwa wingi wa sindano bwana huyo alizochoma.

"Leo jua limetokea wapi?" bwana yule akasema.

"Nina mgonjwa wa kukupa. Mkimbiaji, goti upande wa nje. Alichomwa gotini tu, siku mbili kabla ya mashindano, akaruhusiwa kukimbia."

"Mjinga gani alimruhusu?"

"Mimi."

"Mgonjwa mwenyewe ni nani?"

"Mwanangu."

Alisikia kiti kikivutwa. Sauti iliporudi ilikuwa imeshuka. "Mlete kesho saa tatu, dada. Uwepo, tusaidiane."

"Atakuja mwenyewe. Hataki niwepo."

"Haya. Basi nieleze."

Mama akamweleza: mguu wa kulia, nyonga imelegea, paja limekaza vidole vinne juu ya goti, akibonyezwa hapo hujikaza asilie. Alisema polepole ili mwenzake apate kuandika.