Dari ya Ma Kokwijuka

Mwaka ule wa sabini na tano, huku Muleba, mtu aliyeezeka kwa bati hakuhitaji kujitambulisha. Mwalimu Buberwa aliezeka mwezi wa saba, mabati mapya yakimeta hadi ng'ambo ya bonde, na kwa wiki mbili nzima alitembea kifua mbele. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa mama yake.

Ma Kokwijuka aliishi nyuma ya nyumba hiyo, katikati ya migomba, kwenye msonge wa nyasi alioingia akiwa bi harusi. Sasa msonge ulikuwa umeinama upande mmoja, na nguzo yake ya kati imeliwa na mchwa. Nguzo ile ilimnyima Buberwa raha. Vuli ilikuwa inakaribia, na aliona wazi kwamba mvua kubwa ya kwanza ingemwangushia mama yake nyumba kichwani. Akamwandalia chumba chenye kitanda na godoro. Mama akakaa humo siku tatu. Mchana alitokwa jasho, alfajiri alitetemeka, na manyunyu ya siku ya tatu yalipogonga bati akakunja mkeka wake akarudi zake kwenye msonge.

"Mwanangu, mmejenga debe," alisema. "Mimi si mafuta ya taa."

Buberwa alijua kwamba dawa ni dari. Lakini dari ya nini? Mbao nyembamba za dari zilikuwa hazionekani madukani Bukoba, na mikeka mitupu huzuia macho tu, joto linapita. Kinachotakiwa, aliwaeleza walimu wenzake kwa uhakika wa mtu aliyesoma nusu ya kitabu cha sayansi, ni kitu chepesi, kikavu, chenye hewa katikati. Akawaza siku mbili. Siku ya tatu, akiwa anatafuna kahawa, jibu likamjia. Makapi.

Mtu wa mkoa mwingine asingefika huko. Ila Mhaya akikwama hukimbilia kahawa: kahawa humkaribisha mgeni, kahawa hulipa ada, na kahawa ndiyo iliyonunua mabati yenyewe. Buberwa akapata lifti ya lori hadi kiwanda cha kukoboa kahawa Bukoba, akarudi na magunia kumi na mawili ya makapi. Akapanga matete juu ya chumba cha mama, akayamwaga makapi hadi unene wa shibiri.

Ma Kokwijuka alimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. "Hicho ni chakula cha migomba," alisema.

Jumapili mwinjilisti Lameki alialikwa chakula cha mchana, na Buberwa akataka kiliwe chumbani humo humo ili mgeni aione kazi. Joviana, mke wa Buberwa, alitandaza nyasi mpya sakafuni, akaleta ndizi na maharage juu ya jani. Lameki alikuwa mtu wa sala ndefu. Alipokuwa bado anawaombea wagonjwa, upepo wa ziwani ukapenya chini ya bati. Walipofumbua macho, ndizi zilikuwa zimebadilika rangi, na mwinjilisti ana makapi kwenye nyusi. Akapiga chafya saba. Joviana aliondoka kwenda kuchekea mgombani, lakini Ma Kokwijuka alicheka pale pale alipokaa.

Buberwa hakucheka. Jioni aliyabeba makapi yote kwenda kuyamwaga kwenye migomba, kisha akaenda kusimama mlangoni pa msonge.

"Mama, nimeshindwa," alisema. "Sijui niweke nini tena. Ninachojua ni kwamba nguzo ile haivuki vuli, na sitaki kuja kukufukua kwenye nyasi."

Ma Kokwijuka aliinuka. Akachomoa fungu la nyasi upande wa ndani wa paa, juu ya jiko. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa kwa masizi.

"Nusa."

Buberwa akanusa. Moshi mtupu.

"Miaka arobaini nimezifukiza. Mchwa wamekula nguzo, hizi hawajazigusa. Nyepesi, kavu, zina hewa katikati. Si ndivyo unavyofundisha, waitu mwalimu?"

"Lakini nikizitoa hizi, Mama, msonge unabaki uchi."

"Najua kinachobaki. Lete ngazi kabla sijageuza mawazo."

Kazi ilichukua siku mbili. Nyasi za nje zilizooza walizitupa. Zile za ndani Ma Kokwijuka alizifunga matita kwa kamba za mgomba, asikubali mkono wa mtu mwingine, na Buberwa akazipanga juu ya matete. Walipomaliza, mama alifagia pale jiko lake lilipokuwa, akalia kidogo bila kujificha, kisha akahamia. Kuhusu dari hakusema zuri wala baya, na Buberwa aliogopa kuuliza.

Wiki iliyofuata walianika kahawa uani, na kuilinda ikawa kazi ya mama. Katika maisha yake hakuwahi kuacha kahawa inyeshewe.

Ijumaa mvua ilimkuta Buberwa njiani akitoka shule. Kwenye kona ya mwisho akaiona mikeka ya kahawa bado iko uani, maji yanapita juu yake, wala hakuna mtu. Alikimbia, akasukuma mlango wa mbele. Sebuleni, ambako hakukuwa na dari, bati lilinguruma kiasi kwamba hakuisikia hata sauti yake mwenyewe ikiita. Akafungua chumba cha mama, akaingia, akaurudisha mlango.

Kelele zikabaki nje. Chumba kilinukia msonge. Ma Kokwijuka alikuwa amelala chali kwenye godoro, mdomo wazi, anakoroma taratibu.

Buberwa akakaa chini kwenye nyasi na maji yake, na machozi ya furaha yakamtoka. Mama akafumbua jicho moja.

"Mbona umelowa hivyo?"

"Mvua, Mama. Na kahawa yote imelowa."

Ma Kokwijuka akatega sikio, akaitazama dari.

"Mvua ipi?" aliuliza, akageukia ukutani kuendelea na usingizi wake.