Shahidi wa Kapteni Tarling

Asubuhi ya Jumamosi, mwaka 1976, Turkiya alikuwa akibadilisha utepe wa taipureta katika ofisi ya serikali ya Mudhaibi, Kapteni Tarling akaingia kwa mara ya nne. Alikufa kwa homa melini, nje ya bandari ya Sur, miaka mia na hamsini nyuma, akatoswa baharini; kwa hiyo koti lake jekundu lilikuwa likichuruzika maji sakafuni. Mfagiaji akaleta tambara. Kapteni akapanga foleni kama wenziwe.

Aliyejua Kiingereza pale ni Turkiya peke yake, basi faili la Kapteni lilikuwa mikononi mwake. Maisha ya yule bwana alikuwa keshayahifadhi: mtoto wa kasisi, uluteni akiwa na miaka kumi na saba, miaka sita Bombay, jeraha la paja, kisha kushushwa Sur na askari mia mbili na mizinga miwili, waende kijiji cha Sidra. Siku tatu walikaa Sidra. Kupandishwa kwake kuwa meja kulikwama tangu hapo, mpaka mzee wa kijiji athibitishe kuwa kweli alifika.

Turkiya naye alikuwa na faili lake. Yeye na mamake walikuja kutoka Unguja mwaka 1972, na kibali chao cha kukaa kilikuwa kinamalizika Jumatano. Ili wapate uraia, lazima mtu wa Sidra aseme anaujua ukoo wa babu yao wa kale, Marzouq bin Khalaf. Wiki nzima alikuwa hali akashiba.

Saa nne akafika Mzee Thuwaini, mwenye muhuri wa Sidra. Akamtazama Kapteni kutoka kofia mpaka buti.

"Huyu namjua," akasema. "Alikata mitende yetu, akaufukia mfereji. Mpaka leo watoto wakilia usiku twawatajia jina lake."

Akagonga muhuri. Kisha Turkiya akamwekea karatasi yake mwenyewe. Mzee akaisoma mara mbili.

"Marzouq bin Khalaf. Wallahi, binti yangu, simjui. Siwezi kumshuhudia nisiyemjua."

Hakuwa na ubaya.  Turkiya akamgeukia Kapteni, akamwuliza kwa Kiingereza kama analijua jina lile.

"Namkumbuka," Kapteni akasema. "Nyumba ya mwisho, kando ya mfereji. Tulipoichoma aliondoka na mkewe na punda mmoja, wakashika njia ya Sur. Nilisikia walipanda chombo cha kwendea Unguja."

Turkiya akamwuliza mkuu wa ofisi, Bwana Humoud, kama ushahidi wa Kapteni utapokewa.

"Ameshatambuliwa na kijiji," Humoud akasema. "Neno lake linatosha."

"Basi sema hayo uliyoniambia, bwana," Turkiya akamwambia Kapteni. "Mimi nitayaandika."

Kapteni akafikiri. Maji yakatona kutoka mikononi mwa koti.

"Ningependa, bibi. Lakini ripoti yangu inasema hakuna hata mtu mmoja aliyehamishwa Sidra. Umeja wangu unaitegemea ripoti hiyo."

"Na wewe unajua walihamishwa."

"Najua."

Akasema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Turkiya akaukaza utepe, akaipiga chapa hati ya Kapteni, mistari minne, bila kosa hata moja, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kapteni alipoipokea, alama za cheo mabegani mwake zikabadilika. Mzee Thuwaini akamkaribisha kahawa kijijini, maana mgeni ni mgeni, wakatoka pamoja. Humoud akalirudisha faili la Turkiya kwenye trei.

"Mpaka Jumatano bado kuna siku," akasema. "Tafuta shahidi mwingine."

Adhuhuri Turkiya alimkuta mamake, Bi Fakhriya, amekaa mlangoni akimsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko anayetujua?"

"Yuko mmoja."

"Nani, mwanangu?"

"Yule aliyewatoa wazee wetu Sidra."

Bi Fakhriya akauliza kama hajambo.

"Hajambo. Leo kapanda cheo," Turkiya akasema, akainama kuvua viatu vyake vilivyorowa.