Saa za Msaada

Kila siku Mwamvua aliingia kazini saa moja asubuhi na kutoka magharibi, lakini mshahara wake ulikomea saa tisa. Kazi ya baada ya hapo Bi Bashira, mwenye nyumba ya wageni pale Malindi, aliiita msaada. Sisi hapa ni watu wa nyumba moja, alizoea kusema, huku akimsukumia furushi jingine la mashuka. Junaid, mbeba mizigo, akipitisha saa tisa alilipwa ziada bila hata kuomba. Mwamvua alipouliza mbona yeye halipwi, aliambiwa Junaid ni mwanamme, ana majukumu. Kana kwamba Muzdalifa, binti yake wa miaka sita aliyekuwa akipitiwa na usingizi kwa jirani huko Michenzani kabla mama hajarudi, alilelewa na upepo.

Siku moja mchana alikuja karani wa takwimu, kijana aitwaye Mudrik, na kishikwambi chake mkononi. Alikuwa akiwauliza wanawake wanalipwa kiasi gani kwa saa, ili ijulikane nchi nzima wangapi wako juu kwa malipo na wangapi wako chini. Bi Bashira alimtilia chai, akamwita Mwamvua, na mwenyewe akakaa katikati yao. Karani akawa anamuuliza Mwamvua, tajiri wake anajibu. Mshahara aliutaja sawasawa. Saa za kazi akasema nane. Mudrik akagawa, akatabasamu, akasema kwa malipo hayo dada huyu amewapita wengi aliowahoji.

Mwamvua alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka. Mgongo haunyooki, vidole vimechubuka kwa sabuni, halafu ahesabiwe miongoni mwa wenye bahati. Na hao wengine, nani aliwajibia?

"Andika kumi na mbili," alisema. "Nnaingia saa moja, nnatoka magharibi."

Bi Bashira alicheka, akamwambia karani asisumbuke, hizo saa nyengine ni za kusaidiana tu, huyu kwake ni mtoto wa kumzaa.

"Mtoto wako wa kumzaa ni Salhiya," alisema Mwamvua. "Yuko juu amelala. Hajapata kufua hata leso yake."

Kicheko kikakatika. Bi Bashira akasema, bila kupandisha sauti, kwamba akiongeza neno jengine asubuhi asije.

Mudrik alimtazama Mwamvua. "Niandike ngapi, dada?"

"Kumi na mbili."

Karani akafuta, akagawa upya. Safari hii hakutabasamu. Mwamvua akamuuliza yeye sasa yuko wapi, juu au chini, naye akajibu kwa sauti ndogo kwamba yuko chini, pamoja na wengi.

"Basi niache huko huko. Ndiko niliko."

Saa tisa ilipofika aliyaacha mashuka kwenye beseni, akavaa baibui lake na kutoka. Hakujua kesho atakula nini, na njia nzima hasira haikumpoa.

Muzdalifa alikuwa akicheza barazani kwa jirani. Alipomwona mama yake amesimama mbele yake na jua bado kali, aliinuka taratibu, uso umemshuka.

"Mama," aliuliza, "nani kafa?"