Hadithi Mbovu za Jumamosi

Kila Jumamosi Fundi aliwachagulia rafiki zake wawili hadithi mbovu ya kusoma pamoja, kwa makusudi, na hakuwahi kumwambia mtu. Hadithi nzuri humaliza mazungumzo mapema. Watu husema "nzuri kweli," wananyanyuka, wanakwenda zao. Lakini hadithi mbovu, hiyo hukaliwa kitako! Mhusika anakufa ukurasa wa pili, ukurasa wa nne anaagiza chai. Hapo Mwalimu atapiga meza, Nesi atacheka mpaka ashike mbavu, na jua litazama wangali katika chumba cha cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa, wakiichambua maskini ile hadithi mpaka ibaki mifupa.

Mume wa Fundi alikwisha kutangulia mbele ya haki. Binti yake ameolewa mbali, na simu zake ni za salamu na "mama, nitakupigia baadaye." Siku nyingine zote Fundi aliongea na wateja habari za mabega na viuno. Jumamosi ndiyo alikuwa na watu wake.

Jumamosi hii Nesi aliingia na jarida kwapani.

"Leo nachagua mimi. Usininunie, Fundi, lakini hadithi zako zimetuchosha. Una mkono wa kuokota makapi wewe."

"Tena makapi yaliyooza," Mwalimu akadakia, huku akijimiminia chai.

Fundi akacheka nao, lakini roho haikutulia. Akavuta kiti, akaomba kimoyomoyo hadithi iwe mbaya.

Haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mama mmoja ambaye kila asubuhi hufagia chumba cha mwanawe na kubadilisha shuka, na mwana haji. Hakuna aliyeuawa, hakuna aliyefumaniwa. Nesi alipomaliza kusoma, Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati.

"Hiyo haina pa kushika," akasema.

"Nilijua tu," Nesi akajibu. Tayari alikuwa anatafuta viatu kwa mguu chini ya meza.

Nje jua lilikuwa bado kali, na chupa ya chai haijafika hata nusu. Fundi aliona Jumamosi yake inamponyoka hivi hivi.

"Ngojeni kwanza! Kasoro ipo. Huyo mama simu anayo, si imeandikwa hapo? Kwa nini asimpigie mwanawe akamwambia, njoo, nina hamu na wewe? Mtu mzima anashindwaje na neno dogo hivyo? Hapo mwandishi katudanganya."

Mwalimu akakuna kidevu. "Labda," akasema, akasimama. "Lakini angepiga, tungesoma nini?"

"Mwacheni, kazoea makapi huyu," Nesi akatania, akamkumbatia. "Kuanzia leo mchaguzi ni mimi. Tutakuletea vitu vya maana, dada. Haya, Jumamosi!"

Wakatoka wakiongea wao kwa wao, sauti zikapungua kadiri walivyoteremka ngazi.

Fundi akaosha vikombe. Akaokota pini sakafuni, hata zile ambazo angeweza kuziacha mpaka kesho. Kisha akakaa kwenye kiti cha Nesi, na upweke ukamkaba bila kumwonea haya. Alijihurumia, akajikasirikia kwa kujihurumia. Mwisho akapiga moyo konde, akachukua simu.

Nesi alipokea upesi. Nyuma yake zilisikika honi, na Mwalimu akisimulia jambo.

"Vipi, nimesahau kitu?"

Neno Fundi alikuwa nalo, amelitayarisha tangu akiosha vikombe: rudini. Akajaribu kulitamka, likakataa. Akajaribu tena, likakataa.

"Fundi? Upo?"

"Nipo. Nilitaka kukwambia kuhusu ile hadithi."

"Ehe?"

"Haina kasoro."

Nesi akacheka kwa furaha. "Si nilikwambia mimi! Haya, Jumamosi, dada." Akakata simu.