Samaki wa Ukungu wa Juni

Mvua ya kwanza ya Juni iliponyesha, Temwa Nyirongo alisimama dukani mbele ya rafu ya mboga, koti lake likichuruzika maji sakafuni, ameshika mfuko wa maua. Yalikuwa maua mabichi yenye vikonyo vinene, yamefungwa kwenye plastiki na kuwekwa kati ya kabichi na maboga. Alimuuliza msichana wa dukani kama ni ya kupamba meza. Msichana akamwambia ni ya kupika. Yanavunwa bwawani, yanachemshwa na nyama ya kondoo, na asiyejua kuyaosha anakula mchanga. Temwa akayarudisha, akachukua kabichi, kwa sababu kabichi aliijua.

Alikuwa mfamasia. Alitoka Nkhata Bay, kando ya ziwa, huko Malawi, akaja Simon's Town, Afrika Kusini, kufanya kazi ya mkataba katika duka la dawa, na akapanga nyumba ndogo ya mawe kwenye kichochoro kinachopanda mlimani. Alifika Januari, wakati jua linakawia kuzama mpaka mtu anasahau kula, akawaambia watu wa kwao kwamba ameangukia pazuri. Hakuna aliyempa habari za Juni.

Juni chumvi ilishikana kikopeni ikawa jiwe. Viberiti vilikataa kuwaka. Viatu vya kabatini viliota kuvu la kijani, na shuka, kila alipojifunika, lilikuwa kana kwamba mtu ametoka kujifutia maji. Hita ya gesi ilipasha moto magoti peke yake na kuyatoa jasho madirisha. Mwenye nyumba, Bwana Ridley, mstaafu mpole aliyekaa nyumba ya juu kidogo, alimshauri afungue madirisha ili unyevu utoke. Temwa akafungua, na unyevu mwingine ukaingia. Unga wa mahindi wa pale ulikuwa laini kupita kiasi, ukiusonga unateleza. Dagaa hawakuwapo. Jioni alikula mkate kwa chai, amevaa koti, na sketi zake zikaanza kumpwaya.

Samaki walianza kuja katikati ya mwezi. Jioni hiyo Temwa alikuwa amefungua mlango wa mbele ili aanue nguo zilizotundikwa barazani tangu Jumapili bila kukauka. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka baharini na kujaza kichochoro, mzito, wenye harufu ya mwani. Samaki alitokea ndani yake, kimo cha kifua, mrefu kama mguu wa mtu mzima, mwembamba, anang'aa kama kisu kipya. Alimpita Temwa begani, akafuata ukumbi mpaka jikoni. Nyuma yake wakaja wengine. Waliingia kwa utaratibu, bila kusukumana, mpaka jiko likajaa, wakajipanga wote wakiuelekea ukuta wa nyuma, wakatulia wakipunga mikia. Mwanga wa taa uliwagonga mbavuni ukarukia dari, na jiko lile dogo likawa na mwendo wa maji hata kwenye vigae.

Temwa alikaa kwenye kiti na nguo zake mbichi mapajani, akawatazama. Hakuogopa. Alihisi kama anavyohisi mtu aliyeingia mahali pa ibada pa watu wengine, asijue avue viatu au asivue. Ukungu ulipoondoka, nao waliondoka kwa njia waliyojia.

Asubuhi alimtajia jambo hilo Bwana Ridley, aliyekuwa akifunga pipa la taka kwa mnyororo kwa sababu ya nyani. Bwana Ridley alisema ndiyo, wanakuja kila baridi, na afadhali wao kuliko nyani, kwa maana hawaibi chochote. Aweke taulo chini ya mlango. Mpangaji aliyetangulia alifanya hivyo na hakusumbuka.

Temwa hakuweka taulo. Siku ya tatu, njaa ilipomzidi, alimshika mmoja. Samaki hakupinga. Alimkata, akamtia chumvi na ndimu, akamlaza kwenye mafuta ya moto. Papo hapo samaki akayeyuka akawa ukungu, na kikaango kikabaki na maji ya bahari. Temwa alimwaga maji yale kwa aibu, kama mtu aliyemkosea mgeni. Kisha akampigia simu mama yake.

Mama aliuliza wamenona au hawakunona. Temwa akasema wamenona. Mama akauliza wanafanya nini wakishaingia, na Temwa akasema wanautazama ukuta.

"Basi kuna mtu wanamtaka," mama alisema. "Si wewe. Ulizia."

Aliulizia kando ya barabara ya bandarini, ambako wauza samaki waliegesha pikapu zao mvua ilipokatika. Mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameanika kwenye bati la nyuma samaki walewale hasa, ila hawa walikuwa wamekufa. Waliitwa snuku. Jina lake yeye lilikuwa Ighsaan. Alimuuliza Temwa ametokea wapi, na alipoambiwa, akasema amesikia kwamba watu wa ziwani wanakula visamaki vya kujaa kwenye kijiko.

"Vyenu ni vikubwa kwa sababu hamna subira ya kuvihesabu," Temwa alimjibu, na Ighsaan akacheka, akamchagulia snuku mzuri, akampasua mgongoni na kumkunjua kama kitabu. Temwa akamweleza kwamba wengine kama hawa humjia nyumbani jioni. Kisu cha Ighsaan kilisimama. Aliuliza ni nyumba ipi. Temwa akamwonyesha kwa kidole: ya mawe, yenye mlango wa bluu, chini ya msikiti.

Ighsaan alifunga samaki kwenye gazeti polepole. "Mama yangu amezaliwa humo, dada," alisema.

Ijumaa, baada ya sala, alimleta mama yake. Anti Mymoena alikuwa mzee mfupi mwenye miguu ya kuvimba. Kila Ijumaa alivuka mlima kutoka Ocean View kuja kuswali katika msikiti ule, kwa kuwa msikiti hawakuuhamisha, waliwahamisha watu. Miaka yote hiyo alikuwa akipita mbele ya mlango wa bluu akitazama chini. Alipoingia hakukaa. Aligusa kitasa, akagusa fremu ya dirisha, akauliza kwa nini kuna baridi hivi, akaona mfuko wa maua ya bwawani ambao Temwa alikuwa ameununua tena kwa ujasiri na kuuacha uharibike. Akavua koti. Aliyaosha maua yale kwa maji ya chumvi mara kadhaa, akatupa yaliyooza, akamtuma Ighsaan nyama ya kondoo, na walipokuwa wakisubiri sufuria alisimulia.

Baba yake, Abdol, alikuwa mvuvi, na baba yake Abdol pia. Pale ukutani palikuwa na mlango wa kutokea uani, na baba alikaa kizingitini akisafisha snuku huku akizungumza nao, kwa maana alikuwa mtu wa kuzungumza na kitu chochote. Yeye Mymoena alikuwa ameshaposwa sheria ilipokuja kusema kwamba mtaa ule ni wa wazungu. Malori yaliwachukua nyumba kwa nyumba. Walipelekwa ng'ambo ya mlima, mahali palipopewa jina la Ocean View, yaani mahali pa kuiona bahari, na mlangoni kwao wakaona nguo za jirani na kilima. Baba aliuza mashua yake. Alikuwa akiamka alfajiri, anavaa, anakaa kitandani, kisha anavua nguo. Hakuugua ugonjwa wenye jina.

Ukungu ulipanda kabla sufuria haijaiva. Samaki waliingia kama kawaida, na Mymoena akasimama katikati ya jiko na mwiko mkononi. Wa kwanza alipomfikia, alisita. Kisha wote, kwa pamoja, wakauacha ukuta na kumgeukia yeye. Hapakuwa na sauti, ila ya sufuria. Walimzunguka taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu aliyesimama mlangoni aliona mtandio mweupe tu ndani ya nguzo ya fedha inayogeuka. Ighsaan alivua kofia. Temwa alijikuta amepiga goti, kama wanavyofanya kwao mbele ya wakubwa, na hakujua alikuwa akimpigia nani.

Mymoena aliwaambia samaki kwamba Abdol amefariki, zamani, na kwamba hakuacha kuwataja. Kisha akaomba mtu aangalie sufuria isiungue.

Baadaye Temwa alimuuliza kwa nini samaki wamtafute mtu aliyewaua kwa maelfu. Mymoena alifikiri huku akitafuna.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Lakini tangu wakati huo, nani mwingine aliwaita kwa majina?"

Walikula wote watatu, samaki wakiwa wametulia juu ya vichwa vyao. Maua yale yalikuwa na uchachu kidogo na utelezi kidogo, na Temwa alipata joto kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze.

Mymoena alipoaga, Temwa aliombwa aende nao ng'ambo akapaone. Walipanda pikapu, watatu mbele, Ighsaan akawasha gari. Ndipo Temwa alipotazama kwenye kioo. Samaki walikuwa wametoka nyumbani na kulifuata gari. Wale wa vichochoro vingine pia walitoka, kwenye nyumba za mawe walizokuwa wakiziingia kutafuta wenyewe wao wa zamani, wakaungana barabarani. Ighsaan aliendesha polepole. Barabara ya Red Hill inapanda kwa kona kali, na kila walipopinda waliona chini yao mto mzima unaopanda mlima, unameta ndani ya ukungu, kutoka bandarini mpaka kwenye taa za nyuma za pikapu. Magari yaliyoshuka yalipunguza mwendo, yakasogea pembeni kuupisha. Mymoena hakugeuka. Alishika mshipi wa gari kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa ikicheza.

Juu kabisa, ukungu uliisha. Uliishia pale kama ukuta uliojengwa kwa kufuata kamba, na mbele yake hewa ilikuwa kavu na nyota zilianza kuonekana. Pikapu ilipita. Samaki walisimama.

Mymoena aliomba ashushwe. Alirudi kwa miguu yake mibovu mpaka kwenye mpaka wa ukungu, na upande wa pili samaki walikuwa wamejaa, pua mbele, kama watu walioegemea kioo cha duka lililofungwa.

"Njooni basi," aliwaambia. "Si mbali. Ni pale tu kwenye taa."

Mmoja alitoka. Aliogelea hatua moja hewani, akaanguka kwenye lami na kuwa maji. Hakuna mwingine aliyejaribu. Mymoena aliinama kwa shida, akagusa maji yale na kuyaonja kwenye ncha ya kidole. Kisha akawaambia warudi nyumbani. Wakageuka, wote, na mto ule ukateremka kama ulivyopanda, mpaka mwanga wa mwisho ukazama upande wa bandari.

Temwa alilipeleka jambo hilo kwa Bwana Ridley. Alimsimulia kila kitu akiwa amesimama mlangoni kwake, na Bwana Ridley alisikiliza kwa heshima. Alisema ni habari ya kusikitisha sana. Alisema pia kwamba hakuna aliyemfukuza mtu. Baba yake aliinunua nyumba ikiwa tupu. Temwa akaomba angalau ule mlango wa uani uzibuliwe. Bwana Ridley akasema ungeingiza unyevu. Ighsaan alipoelezwa, hakukasirika. Alisema madai yao ya nyumba yako serikalini tangu hajaoa, na sasa anamwoza binti yake wa pili.

Mjukuu wa Bwana Ridley alikuja likizo, akawapiga samaki picha na kuzisambaza kwenye simu. Mwisho wa mwaka Temwa aliarifiwa kwa upole kwamba nyumba itahitajika. Ilipakwa rangi, ikawekewa vitanda vipya na hita kubwa, ikawa ya kupangishwa wageni kwa siku. Katika majira ya baridi bei yake ilikuwa mara mbili, kwa sababu ya samaki. Temwa alihamia chumba cha uani kwa Anti Mymoena, ng'ambo ya mlima, na kila asubuhi alipanda basi kwenda dukani kwake. Alikuwa ameongeza mkataba. Kwao aliwaambia kwamba amezoea.

Juni iliyofuata, ukungu ulipopanda siku ya Ijumaa, yeye na Mymoena walitoka msikitini wakashuka mpaka kichochoroni. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Ndani, mwanamume na mwanamke wa nchi ya mbali walikuwa wamekaa kwenye kochi, simu zao zimeinuliwa, kimya, na nyuso zao zilikuwa na mshangao wa kweli. Mymoena hakuingia. Palikuwa na kibao cha kuwaomba wapita njia waheshimu faragha ya wageni. Alisimama katikati ya kichochoro.

Samaki walitokea chini, kwenye kona ya bandari, wakapanda wamejaa upana wa njia. Walipomfikia waligawanyika, wakampita kushoto na kulia, na kila mmoja alipompita alimgusa kidogo kwa ubavu, begani, shavuni, kwenye mkono aliokuwa ameunyoosha. Akawataja mmoja mmoja kwa sauti ndogo, majina ambayo Temwa hakuwahi kuyasikia. Ilichukua muda mrefu. Wa mwisho alipoingia, mwanamke wa kwenye kochi aliinuka na kufunga mlango, baridi isiingie.